Gharama yote kabla ya kulipa: kusanifu duka la gemu mtandaoni nikiwa Mwanza

Kijana wa Igoma au Nyegezi anayetaka gemu mpya huuliza maswali mawili kabla hajafika kwenye bei: "Ina GB ngapi?" na "Simu yangu itaikubali?" Maswali hayo ndiyo msingi wa kazi ninayoifanya sasa, ambayo ni kusanifu duka la mtandaoni la kuuzia gemu za simu na za kompyuta, na nimeyaweka mbele ya mambo ambayo wasanifu wengi hupenda kuanza nayo, kama vile rangi, nembo na mpangilio wa picha. Duka linalomfaa mtumiaji, kwa maoni yangu, ni lile linalomweleza gharama yote kabla pesa haijamtoka, na gharama hiyo ina sehemu tatu: shilingi za gemu yenyewe, bando la kuipakua, na nafasi itakayoichukua kwenye kifaa chake.

Maduka makubwa ya dunia yalijengwa kwa ajili ya mtu ambaye sehemu mbili za mwisho hazimsumbui sana. Katika Steam, duka ambalo kampuni ya Valve ililifungua mwaka 2003, mahitaji ya kompyuta huwekwa chini ya video, picha na maelezo marefu ya kuinadi gemu, na nafasi inayohitajika ni mstari mmoja tu katika orodha hiyo. Mwenye intaneti isiyo na kikomo hadhuriki na mpangilio huo. Lakini tuchukue gemu mbili zinazouzwa humo. Stardew Valley, ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake na kuitoa mwaka 2016, inadai nafasi ya MB 500 na bei yake ya kawaida ni dola 14.99, Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 inadai GB 150 na bei yake ya kawaida ni dola 59.99. Kwa bei, ya pili ni ghali mara nne. Kwa ukubwa, inaizidi ya kwanza mara 300, na kwa intaneti ya megabiti 8 kwa sekunde isiyotetereka hata kidogo, kupakua GB 150 kungechukua karibu saa 42 mfululizo. Mtu anayenunua bando la siku au la wiki akionyeshwa bei peke yake, atakuwa ameonyeshwa sehemu ndogo ya kile atakachokitumia.

Kwa sababu hiyo, katika ukurasa wa kila gemu nimeweka mstari mmoja mara tu baada ya bei, kwa herufi za ukubwa uleule, unaotaja mambo matatu: ukubwa wa faili la kupakua, nafasi inayohitajika wakati wa kusakinisha, na muda wa kupakua kwa kasi ya intaneti ambayo mtu anaitumia wakati huo. Nafasi ya kusakinisha nimeitenganisha kwa makusudi na ukubwa wa faili, kwa kuwa faili lililobanwa likishafunguliwa huongezeka, na kwa muda fulani simu hulazimika kubeba lile lililobanwa pamoja na lile lililofunguliwa. Gemu ya GB 1 inaweza kukataa kusakinishwa kwenye simu yenye nafasi ya GB 2, na mteja akabaki akidhani ameuziwa kitu kibovu. Nilipendekezewa pia nibadilishe megabaiti kuwa shilingi za bando, nikakataa. Bei za bando hubadilika, kila mtandao una zake, na duka likitaja kiasi kisicho sahihi litakuwa limemdanganya mteja kwa nia njema. Mteja anajua vizuri bando lake linamgharimu kiasi gani. Anachohitaji ni hesabu ya megabaiti iliyo ya kweli.

Video za matangazo hazijichezi zenyewe. Anayepita tu kutazama asiliwe bando, na picha zote zimehifadhiwa kwa muundo wa WebP, ambao hupunguza uzito bila kuharibu sana sura, kisha picha zilizo chini ya ukurasa hazipakuliwi mpaka mtu azifikie. Nimeona tovuti za gemu ambazo ukurasa wake wa mbele peke yake unakula megabaiti nyingi kuliko gemu ndogo ya simu, jambo ambalo naliona kama kumtoza mtu kiingilio cha dukani.

Swali la pili, kama simu itaikubali gemu, halijibiwi vizuri na orodha ya RAM na prosesa. Watu wengi wanajua jina la simu yao na pengine GB zake, basi. Programu ya duka ikiwa ndani ya simu inaweza kusoma aina ya kifaa, toleo la Android na kumbukumbu iliyopo, kisha ikatoa jibu moja kati ya matatu: itacheza vizuri, itacheza kwa kukwamakwama, au haitacheza kabisa. Jibu la tatu lazima lifunge kitufe cha kununua, hata kama muuzaji atanuna. Hata hivyo duka lisijiaminishe kwamba simu iliyoshikwa ndiyo itakayotumika, kwa kuwa kaka aliyeko mjini humnunulia mdogo wake aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, na mwanafunzi wa Malimbe hulipa kwa simu gemu atakayoichezea kwenye kompyuta ya chumbani. Ndiyo maana juu ya jibu hilo pana mahali pa kuchagua kifaa kingine.

Katika malipo ndipo maduka ya nje yanapompoteza mnunuzi wa Kanda ya Ziwa. Steam, kwa mfano, humwonyesha mtu wa Tanzania bei za dola, na maduka ya namna hiyo humtarajia awe na kadi ya benki inayokubali manunuzi ya mtandaoni, ilhali tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 pesa za watu wengi zimehamia kwenye namba ya simu. Duka langu linaandika bei kwa shilingi kamili, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa imo ndani, na linapokea M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa. Mteja anaandika namba, ombi la malipo linajitokeza kwenye simu yake, naye anaweka namba ya siri katika ombi hilo. Tovuti yenyewe haiulizi namba ya siri kamwe, na nimeliandika hilo waziwazi penye ukurasa wa malipo, kwa sababu matapeli wa mtandaoni wameshawafundisha watu wetu kuogopa, na woga huo ni wa haki.

Ugumu umo katika kusubiri. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu akisubiri zaidi ya sekunde 10 bila kuambiwa kinachoendelea, mawazo yake huhamia kwingine, na ombi la malipo kupitia mtandao wa simu huweza kuzivuka sekunde hizo kwa urahisi. Mteja asipoona kitu atabonyeza tena, ombi la pili litatumwa, na pesa zinaweza kukatwa mara mbili. Usanifu wa hapa ni wa maneno kuliko michoro: kitufe kinajifunga baada ya kubonyezwa mara moja, kila agizo linabeba kumbukumbu namba moja isiyorudiwa, na skrini inasema wazi kwamba ombi limetumwa, linasubiri namba ya siri, na kwamba mtu anaweza kuufunga ukurasa bila kupoteza chochote. Ujumbe wa muamala ukimfikia mteja kabla duka halijapata uthibitisho, agizo linabaki likisubiri badala ya kuonyesha kwamba limeshindikana. Asiye na pesa kwenye simu anaweza kwenda na kumbukumbu namba ileile kwa wakala, akalipa taslimu, na gemu ikajitokeza kwenye maktaba yake, yaani orodha ya gemu alizonunua.

Kuhusu kikapu, yaani mahali pa kukusanya gemu kadhaa ili kuzilipia pamoja, watu wa fani yangu waliicheka sana Epic Games Store, duka jingine la gemu lililofunguliwa Desemba 2018 na kukaa bila kikapu hadi Desemba 2021. Wapo wanaosema duka dogo halikihitaji, kwa kuwa mtu hununua gemu moja kwa wakati mmoja. Mimi nimekiweka tangu mwanzo kwa sababu ya kwetu: pale ambapo muamala unakatwa ada, anayenunua gemu tatu kwa muamala mmoja huepuka kulipa ada mara tatu. Sikumlazimisha mtu afungue akaunti yenye nenosiri kabla ya kulipa, kwani namba ya simu aliyolipia inatosha kumtambua, na kadiri ninavyokusanya taarifa chache ndivyo wajibu wangu unavyopungua chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Baada ya malipo inakuja safari ya faili, na hapa umeme na mtandao ndio wenye kauli. Upakuaji uliofika asilimia 90 ukikatika na kuanza upya ni bando lililomwagwa ziwani. Seva, yaani kompyuta zinazotunza na kutoa faili, zinaweza kutoa kipande cha faili kuanzia pale kilipoishia, na duka lisilotumia uwezo huo wa kawaida halina kisingizio. Programu inakipima kila kipande cha faili kwa SHA-256, hesabu inayotoa alama ya kuhakiki faili, ili kujua kama kimefika bila kasoro, na kipande kilichoharibika ndicho pekee kinachopakuliwa tena. Pia kuna kitufe cha kupakua baadaye, ambapo mteja anachagua saa, kwa mfano saa saba usiku, kwa ajili ya wale wanaonunua bando la usiku. Sasisho nalo linaonyesha ukubwa wake na halianzi bila idhini, kwa kuwa gemu inayojisasisha yenyewe saa nane mchana kwenye bando la mchana haina heshima.

Yapo mambo ambayo sitakaa nayo sana. Ukurasa wa mbele una gemu chache zilizopangwa kwa ukubwa na kwa aina ya kifaa, bila saa ya kuhesabu dakika za punguzo ili kumtia mtu haraka. Utafutaji unakubali "mpira", "soka", "football" na makosa ya tahajia, maana gemu za mpira ndizo zinazotafutwa zaidi na kila anayewahi kushika pedi katika vibanda vya mtaani. Maandishi yanafuata uwiano wa mwangaza kati ya herufi na rangi ya nyuma yake wa angalau 4.5 kwa 1, ambao WCAG, miongozo ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, inautaka, nami huujaribu nje, kwenye jua la mchana pale soko la Mwaloni, Kirumba, kwani kijivu kinachopendeza ofisini hakionekani kabisa nikifika huko. Umri unaofaa kwa kila gemu umeandikwa karibu na jina, kwa ngazi za PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri, za 3, 7, 12, 16 na 18, kwa kuwa simu moja ya mama huchezewa na watoto wote wa nyumba.

Kurudisha pesa ni eneo ambalo nimeiga bila aibu. Tangu Juni 2015 Steam humrudishia pesa anayeomba ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa 2, na uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba mteja anaweza kuihesabu mwenyewe bila kubishana na mtu. Kwetu nimeongeza sharti moja linalomfaa mteja: gemu ikishindwa kuwaka kwenye kifaa ambacho duka lilisema kitaikubali, muda hauhesabiwi, na pesa zinarudi kwenye namba ileile iliyolipa.

Limebaki jambo la umiliki, ambalo nimelipa nafasi kubwa kuliko wenzangu walivyotarajia. Anayenunua gemu ya kidijiti kwa kawaida hupata leseni ya kuitumia, na leseni hiyo inaweza kuishiwa nguvu. Kampuni ya gemu ya Ubisoft ilizima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa gemu hiyo ya mwaka 2014 haikuweza kuchezwa bila seva, walioilipia wakabaki hawana kitu cha kucheza. Mwaka huohuo wa 2024 jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijiti kutumia neno kama "nunua" bila kumjulisha mteja waziwazi kwamba anapata leseni, isipokuwa pale ambapo bidhaa inaweza kupakuliwa na kutumika daima bila mtandao. GOG, duka la Poland lililoanza mwaka 2008, liliitatua shida hii kwa kumpa mteja faili kamili la usakinishaji alihifadhi mwenyewe.

Nimefuata njia ya GOG kwa kila gemu ambayo mtengenezaji wake amekubali, na kwa zile ambazo hakukubali, ukurasa unasema kabla ya malipo kwamba gemu inategemea seva na inaweza kuzimwa. Watengenezaji wengine wanahofia kwamba faili la namna hiyo litasambazwa bure kwa flashi na Bluetooth. Hofu yao naielewa, lakini gemu tayari zinasambazwa hivyo kila siku, na anayeninunulia mimi amechagua kulipa wakati njia ya bure ilikuwa mlangoni pake. Mteja wa Ukerewe aliyekwisha kutumia GB 2 za bando kupakua gemu ana haki ya kulihamishia faili hilo kwenye kadi ya kumbukumbu, akalisakinisha tena mwakani kwenye simu mpya bila kununua bando jingine. Kitufe cha kuhifadhi faili kipo kwenye maktaba, kando ya kitufe cha kucheza, na kina ukubwa uleule.