Chungu cha Mama Kilinipeleka Ikombe

Chungu alichopikia mama maharage tangu nikiwa mtoto kilivunjika mikononi mwangu siku tuliyoanua matanga yake. Vigae vingine nilivifukia shambani, lakini kimoja nilikihifadhi, kwa sababu chini ya ukingo wake palikuwa na alama ya kidole gumba cha mfinyanzi, kishimo ambacho nilizoea kukipapasa kila nilipotumwa kuosha vyombo. Nikaamua kukirudisha kigae hicho kwa Wakisi, kabila la wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, niwaombe wanifundishe kufinyanga kingine kwa mikono yangu.

Kutoka Mbeya basi lilikwenda hadi Tukuyu, kwenye migomba na mashamba ya chai, kisha likateremka kwenye joto na mpunga wa Kyela. Nilibadili gari, nikapita Ipinda, nikalala Matema, ambako Milima ya Livingstone inasimama wima kando ya maji. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la vyungu la Lyulilo, nami nikatembea ufukweni hadi huko na kukuta akina mama wakishusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi, vikiwa vimefungwa kwa nyasi ili visigongane.

Nilimwamkia mama mmoja mtu mzima, nikampa kigae. Alikigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye rangi nyekundu iliyofifia.

“Hiki ni cha kwetu,” alisema. “Pole sana, mwanangu. Jioni twende Ikombe.”

Wafinyanzi wa Ikombe hawatumii gurudumu. Mama yule aliweka donge la udongo uliokandwa juu ya gae pana, akawa analizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta kingo taratibu kwenda juu, na ndani ya muda mfupi mbele yake palikuwa na chungu chembamba kilicholingana pande zote, kazi ambayo sikuona aibu kuitazama kwa machozi. Changu kilibomoka mara mbili. Cha tatu kilisimama, ingawa kiliinama kidogo, na gumba langu likaacha alama chini ya ukingo. Alipochukua kokoto laini ili aisawazishe alama hiyo, nilimwomba aiache ilivyo. Akaiweka kokoto chini bila kuniuliza neno.

Udongo mbichi ukiingizwa motoni hupasuka, hivyo nilikaa siku kadhaa nikisubiri kikauke, nikisaidia kuteka maji na kukusanya kuni. Siku ya kuchoma, vyungu vilipangwa mahali pa wazi, vikafunikwa kwa kuni na nyasi, nami sikuondoka pale mpaka majivu yalipopoa. Changu kilitoka kizima, kikiwa na doa jeusi la moshi ubavuni.

Nilikipakata njia nzima ya kurudi. Jumapili iliyofuata nilipika maharage, ndugu zangu wote wakiwepo, na baada ya chakula binti wa dada yangu ndiye aliyekiosha.