Saa moja tu

Jumapili Kaka alinipigia simu kutoka Ujiji, Mama akiwa pembeni yake anasikia kila kitu. "Kigoma na Bukoba ni saa moja tu kwa ndege, mdogo wangu. Nimeangalia. Kilomita 460. Unashindwaje kuja kumwona Mama?"

Nikamuuliza, "Ndege gani, Kaka?"

"Mimi nakwambia umbali, wewe unaniuliza ndege." Akampa Mama simu.

Wiki imepita, mitihani ya moko imekwisha, wifi amejifungua salama mtoto wa kike, na mimi bado niko kwenye hiyo "unashindwaje". Nasahihisha madaftari naisikia. Nakaanga mgebuka wa Mama naisikia.

Hesabu yake ni ya kweli. Ukinyoosha mstari kutoka uwanja wa Kigoma hadi huu wetu wa Bukoba, unapata kama kilomita 460, na ndege ya pangaboi ingezimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Lakini anayetaka kupanda ndege, kwa njia ninayoijua mimi, anaanzia Dar: kilomita zaidi ya 1,000 kwenda pwani, kisha zaidi ya 1,000 nyingine kurudi magharibi, na nauli inayomeza mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo tunapanda basi. Muleba, Biharamulo, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu, siku nzima, ingawa lami imetupunguzia mateso mengi. Kaka aliipita njia hii enzi za vumbi. Anaijua. Ndiyo maana inauma: "unashindwaje", na Mama anasikia.

Jumatano usiku Mama akapiga mwenyewe.

"Mwanangu, hiyo saa moja inapita juu ya ziwa?"

Mnakumbuka asubuhi ya 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria ikija kutua hapa kwetu, wakafariki watu 19. Tangu siku ile Mama hataki habari za ndege. Nikachukua ramani ya darasani nikamsomea taratibu: unatoka Kigoma, Kasulu inabaki kulia kwako, unakatiza kidogo pembe ya mashariki ya Burundi, unapita kati ya Ngara na Biharamulo, kuna kiziwa cha Burigi, kisha Muleba. Karibu njia nzima ni nchi kavu, Mama. Ziwa kubwa unalikuta mwishoni.

Akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe uko karibu hivyo! Nimewaambia wenzangu msikitini, mwanangu yuko saa moja tu."

Alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Sikumtajia Dar wala nauli. Nilimwacha na saa yake moja, nami nikalala usingizi mzuri, nikimwona akiwahesabia wenzake Kasulu, Ngara, Muleba. Kaka nitamjibu siku ya Idi, ana kwa ana, na nitamjibu kwa upole.

Sasa kinachonikosesha raha ni migomba. Miwili nyuma ya jiko majani yamegeuka manjano, na mkungu mmoja umeanza kuiva kabla haujakomaa. Baba Zuhura anasema ni jua. Mimi nimekata ndizi moja, ndani ni ya kahawia, nami naogopa ni mnyauko, ule ugonjwa wa migomba unaoambukiza. Bwana shamba wa kata nimempigia tangu jana, hapatikani, na shamba la jirani limepakana na langu mgomba kwa mgomba.