Nilivyosoma utenzi uliofifia kwa taa ya kukagulia noti

Shangazi yangu wa Mkomani, hapa Lamu, ana utenzi ulioandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Kurasa za katikati wino umefifia hadi huoni ila vivuli. "Ndoo utezame, mwanangu," aliniambia. "Ni macho yangu au ni karatasi?" Ilikuwa karatasi. Nikaazimia kuzisoma bila kuzipaka kitu, kwani dawa za kukoza wino huiharibu hati moja kwa moja.

Nilianza na simu. Nilipiga picha mchana, kivulini, kisha kwa programu ya bure nikatenganisha rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Wino wa kahawia hufyonza mwanga wa buluu, kwa hiyo kwenye picha ya buluu peke yake maandishi hukoza. Mistari mingi ilisomeka hapo hapo, bila kutoa hata senti.

Iliyobaki ilitaka taa ya urujuanimno (miale iliyo ng'ambo ya zambarau, isiyoonekana kwa macho), ile ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Ukinunua, tazama namba ya urefu wa mawimbi ya mwanga wake: ya nanomita 365 ndiyo nzuri, kwani ya 395 hutoa zambarau nyingi inayovuruga picha. Nilifunga madirisha usiku, nikavaa miwani ya kinga, nikawasha. Karatasi iling'aa weupe wa kibuluu, na kila palipopita kalamu, hata pale ambapo mchana hapakuwa na kitu, pakakoza. Huo ni wino wa chuma na tanini, kile kinachoipa chai ukakasi. Rangi yake hupauka, lakini mabaki yake hayatoki karatasini, na hufyonza miale hiyo. Taa niliiwasha kwa muda mfupi tu kila ukurasa, maana huichakaza karatasi. Kamera nayo lazima ikae kwenye stendi. Ikitikisika kidogo umepoteza nukta, na katika hati zetu nukta ndiyo neno: moja chini ni be, mbili juu ni te.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni infraredi, miale iliyo ng'ambo ya nyekundu, nayo haionekani kwa macho. Fundi wa simu alifungua kamera yangu ya zamani akatoa kioo kinachoizuia miale hiyo; nikaweka kichujio cheusi mbele ya lenzi na kuwasha balbu ya halojeni. Kwenye infraredi wino wa chuma hutoweka, na madoa ya ukungu pia, lakini wino wa masizi hubaki mweusi ti. Ukurasa ulitoka karibu mtupu, isipokuwa irabu chache, nukta, na maneno mazima pambizoni. Kumbe mikono ilikuwa miwili: wa mnakili, na wa mtu aliyekuja baadaye kusahihisha kwa masizi. Shangazi alizishika picha mbili, akausoma mshororo wa mnakili kwa sauti huku akihesabu mizani kwa vidole, kisha wa msahihishaji. Wa kwanza ulitimia nane. Wa pili ulizidi. "Wa kwanza ndio," akasema, na sikuwa na la kuongeza.

Zipo kurasa ambazo hata urujuanimno haukuzifikia, kwa sababu zimefunikwa na uchafu mzito. Hizo ni kazi ya eksirei, lakini si ile ya kupiga picha mifupa. Hapa miale huzichokoza atomi za wino, kila elementi ikajibu kwa nishati yake: chuma hujibu kwa kiloelektronivolti 6.4, na shaba haiwezi kujibu hivyo. Kuanzia 2005, huko Stanford, California, wanasayansi walitumia njia hii kusoma maandishi ya Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yaliyokuwa yamekwanguliwa, mengine yakafunikwa kwa picha za kughushi. Walitumia sinkrotroni, mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi ili utoe eksirei kali, na inaniuma kwamba bara letu lenye hati nyingi namna hii halina hata moja.

Hata hivyo, vifaa vidogo vya mkononi vya kazi hiyo vipo. Wanunuzi wa dhahabu huvitumia kupima usafi wake. Havitachora ukurasa mzima, lakini vitaniambia kama chini ya uchafu ule kuna chuma cha kufuatilia. Natafuta mwenye nacho atakayekubali kuja Lamu, kwani shangazi haruhusu hati itoke nyumbani, nami nakubaliana naye.