Muhtasari wetu ulirudishwa: tulivyopeleka msitu wa kijiji kwenye biashara ya kaboni

Mimi ni mtendaji wa kijiji mkoani Tabora, ndani kabisa ya miombo. Naandika haya kwa ajili ya watendaji na wenyeviti wenzangu ambao wageni wa kaboni wameanza kuwapigia hodi, yaani wawekezaji wanaotaka msitu utunzwe ili wauze hewa ukaa unayoizuia isiende angani, na kijiji kipate mgawo.

Njia yenyewe iko hivi. Tangu zitoke kanuni za biashara ya kaboni za 2022, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mwekezaji hamalizani na kijiji juu kwa juu. Anapeleka andiko dhana, yaani maelezo mafupi ya mradi, Ofisi ya Makamu wa Rais. Likikubalika anapewa barua ya kutokuwa na pingamizi, ndipo anaandaa andiko kamili. Hesabu za kitaalamu ni kazi ya kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Ila kabla ya yote hayo kuna karatasi inayotoka kwetu: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Wetu wa kwanza ulirudishwa.

Na ulistahili kurudishwa. Niliandika kwamba wananchi waliafiki kwa kauli moja. Muda wa mkataba, ambao ni miaka 30, haukutajwa popote. Hakukuwa na swali hata moja, na kwenye mahudhurio wanawake walikuwa wa kuhesabu. Mtu wa mbali akisoma karatasi ile atajuaje kama watu walielewa wanachokitoa?

Tukaanza upya, na safari hii hatukukimbilia kuitisha mkutano. Kwa wiki tatu mimi na kamati ya maliasili tulizunguka kitongoji kwa kitongoji, na kina mama tukakaa nao peke yao jioni wakishatoka shamba. Huko ndiko nilikosikia mambo ambayo mkutanoni hayasemwi. Mama mmoja wa kitongoji cha mwisho kabisa aliniuliza, "Mtendaji, mimi nasomesha watoto kwa uyoga wa masika. Mkisema msitu unafungwa, unafungwa kwa nani?" Sikuwa na jibu. Rasimu ya mkataba ilisema tu kwamba shughuli za kibinadamu zitadhibitiwa, na neno hilo lingeweza kumfunga yeye na kapu lake sawasawa na mwenye msumeno wa mninga.

Suala la nyuki lilikuwa gumu zaidi. Huku kwetu warina asali wengi bado wanatumia mizinga ya magome, na gome hilo linabanduliwa kuzunguka shina zima la mti ulio hai, muba au mtundu ulionyooka. Mti ukishabanduliwa hivyo, umekufa. Wazee hawakupenda kusikia kwamba kazi ya baba zao inahesabiwa kama uharibifu, na mimi niliwaelewa. Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukakubaliana kwamba mizinga iliyokwisha kutundikwa ibaki mpaka ioze yenyewe, mipya iwe ya masanduku, na masanduku ya kuanzia yaandikwe kwenye mkataba kama wajibu wa mwekezaji. Kuni za mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, nazo zilitusumbua. Mkulima akizuiwa kukata kwetu akaenda kukata kijiji jirani, hewani hakuna kilichookolewa, na wakaguzi wanalikata hilo kwenye hesabu. Kwa hiyo tulikaa meza moja na majirani, tukapanga mashamba ya miti ya kuni.

Wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambako vijiji 8 vinauza kaboni ya msitu wa milima ya Ntakata, walitangulia. Tulipanda basi watu watano kupitia Inyonga tukawaone. Tuliona madarasa na zahanati zilizojengwa kwa fedha hizo, ila nililolibeba mimi ni swali walilotushauri tuulize kuhusu mgawo wa fedha za kijiji: asilimia ya kitu gani? Ya mauzo yote, au ya kinachobaki baada ya mwekezaji kutoa gharama zake? Namba moja, mifuko miwili tofauti kabisa. Msisaini kabla jibu halijaandikwa.

Mkutano wa pili ulianza saa tatu asubuhi ukaisha jua likizama. Muhtasari ulikuwa na kurasa 14, maswali yote yamo pamoja na majibu yake, hata ya waliopinga, na walikuwepo. Ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi iliambatanishwa, eneo la uyoga, dawa na matunda pori limechorwa kwa rangi yake. Kama kijiji chako hakina mpango huo, anza nao kabla ya kumkaribisha mtu yeyote.

Barua ya kutokuwa na pingamizi ilitoka. Sasa tuko kwenye andiko kamili, vijana wanapima miti kwenye viwanja vya sampuli: kipenyo cha shina, mita 1.3 kutoka ardhini, jina la mti, namba. Yule mama wa uyoga yumo kwenye kikosi cha kitongoji chake, maana hakuna anayeijua ile kona kama yeye. Mti wao wa kwanza ulikuwa mtundu, sentimita 41. Yeye alishika futi, mimi nikaandika.