Jumanne yangu: tuktuk, Bwana Harusi na robo ya nne

Saa 11 kasorobo, alfajiri

Mimi huamshwa na adhana, si simu. Leo simu imetangulia kuamka: grupu la timu lina ujumbe 47, na kumi kati ya hizo ni sauti za Kinyozi, kila moja ndefu kama hotuba ya Ijumaa. Jumapili tulifungwa 61 kwa 58. Leo Jumanne, na bado tunamtafuta mwenye kosa.

Nijieleze kidogo. Mchana mimi ni dereva wa tuktuk, jioni ni pointi gadi, yaani mleta mpira, wa timu ya mpira wa kikapu ya mtaa wetu hapa Kisauni, Mombasa. Nina miaka 31 na goti la kushoto linalolalamika nikipanda ngazi. Sisi si KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari. Wale wa bandari tunakwenda kuwatazama Makande, kisha tunarudi nyumbani tumenyamaza. Timu yetu ni ya watu wanaotoka kazini na jasho lao: senta, mchezaji wetu wa chini ya kikapu, ni mchukuzi wa magunia Kongowea, nahodha ni mwalimu wa hisabati, Kinyozi ni kinyozi kweli, na nyota wetu ni fundi wa simu Mwembe Tayari. Huyo tunamwita Bwana Harusi kwa sababu asubuhi ya siku yake ya ndoa alikuja kucheza, akatia pointi 31, akaoga, akaenda kuoa.

Ubishi wenyewe ni huu: mashambulizi yetu yote yapitie kwa Bwana Harusi, au mpira ugawanywe?

Saa 12 asubuhi

Mahamri mawili na mbaazi za nazi, nimekula nimesimama. Tuktuk si yangu. Ina tajiri, na tajiri anataka hesabu ya shilingi elfu moja kila usiku, kunyeshe kusinyeshe. Kinachobaki baada ya petroli ndicho changu. Safari ya kwanza ni watoto wa shule, watatu nyuma kama inavyotakiwa na wa nne kapakatwa, Mungu anisamehe.

Saa 1 na nusu

Kongowea. Mama mmoja na magunia mawili ya vitunguu, anapeleka Buxton. Magunia yamekaa, yeye kakaa juu ya mojawapo, na darajani Nyali magari hayaendi wala hayarudi. Hapo ndipo nilipokosea nikafungua sauti ya Kinyozi, spika ikiwa juu.

Kinyozi hoja yake anaijua kwa tarehe. Anasema: Aprili 1986 Michael Jordan aliwatia Boston Celtics pointi 63, nyumbani kwao, na Bulls, timu yake ya Chicago, wakafungwa 135 kwa 131, wakatolewa mechi tatu kwa bila. Msimu uliofuata akawa na wastani wa pointi 37.1 kwa mechi, mwaka mzima, na Celtics hao hao wakawatoa tena tatu kwa bila. Ubingwa ulikuja 1991, kocha Phil Jackson alipokuwa ameshaleta mfumo wa pembetatu wa msaidizi wake, mzee Tex Winter, mpira unazunguka, na wastani wa Jordan ukashuka hadi 31.5. "Sasa," anasema Kinyozi, na nyuma yake naisikia mashine ikinyoa kichwa cha mtu, "ikiwa Jordan alipunguza, huyu fundi wetu ni nani asipunguze?"

"Babangu," mama wa vitunguu akaniambia, "huyo anayepiga kelele umemkosea nini?"

Nikazima. Tulipofika Buxton mama akanilipa, na ndani ya pesa mna noti ya hamsini iliyochanika katikati, imeungwa kwa selotepu iliyogeuka njano. Niliiona tayari kashuka na vitunguu vyake. Noti ya namna hiyo kila mtu anaijua: haikataliwi kwa sababu haikutazamwa, na ukishaitazama kazi yako ni moja tu, kumtafuta asiyetazama.

Saa 3

Mwalimu amejibu kwa maandishi, kama kawaida yake, na vituo vyote vipo mahali pake. Kwanza: hiyo 31.5 ya 1991 bado iliongoza ligi nzima, kwa hiyo Kinyozi asituambie Jordan aligeuka mgawa tende. Pili: Kobe Bryant. Tarehe 22 Januari 2006 alitia 81 kati ya 122 za timu yake, Lakers, dhidi ya Toronto Raptors, thuluthi mbili za pointi mtu mmoja, na wakashinda. Msimu huo huo, raundi ya kwanza dhidi ya Phoenix Suns, Lakers waliongoza tatu kwa moja, Suns wakasawazisha, na kwenye mechi ya saba Kobe akarusha mara tatu tu kipindi chote cha pili. Wakafungwa 121 kwa 90. "Nyota akiacha kurusha," ameandika Mwalimu, "haimaanishi wengine wameanza kucheza."

Hiyo sentensi ya mwisho niliisoma mara mbili. Kisha abiria wa Bombolulu akapiga makofi kuniita, nikaenda.

Saa 5

Abiria, abiria, askari wa kaunti, abiria. Noti ya selotepu nimejaribu kuipitisha mara mbili ndani ya chenji. Mara ya kwanza kijana kaigeuza juani, kanirudishia bila neno. Mara ya pili bibi mmoja kaniambia, "Mjukuu wangu, hii kampe mkeo." Sina mke.

Saa 7 mchana

Jua la saa hizi halina huruma. Nimeegesha chini ya mwarobaini karibu na steji, chupa ya maji ya baridi shingoni, na nimefungua video ya robo ya nne ambayo mdogo wake Mwalimu aliirekodi Jumapili. Nimepanga sarafu juu ya dashibodi: kila shambulizi letu sarafu moja, upande wa kulia likimalizwa na Bwana Harusi, kushoto likimalizwa na mtu mwingine.

Mashambulizi 18. Kulia zikaja 13. Katika hizo 13 alitia manne.

Basi, Kinyozi ana haki, nikasema. Nikarudisha video nyuma ili nihakikishe, na safari hii, sijui kwa nini, sikumtazama Bwana Harusi. Nilijitazama mimi.

Mimi ndiye ninayeuleta mpira. Nauvusha katikati, namtafuta Bwana Harusi, nampa. Halafu nashika kiuno. Shambulizi la pili: nampa, nashika kiuno. La tatu: nampa, nafunga kamba ya kiatu! Mechi inaendelea, mtu amezungukwa na wawili, na mimi nafunga kamba. Kinyozi yuko kona ya kulia, kanyanyua mkono kuomba mpira lakini mguu hautoki hapo alipo. Mwalimu anapiga mayowe. Senta peke yake ndiye anayehangaika chini ya kikapu. Wengine tumesimama kama abiria wa Likoni wanaoitazama feri ikiwa bado ng'ambo.

Sote kwenye grupu tumekuwa tukisema mpira "unapitia" kwake. Video inasema haupitii. Unaishia.

Na kuna moja mbaya zaidi, zimebaki kama dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi moja. Bwana Harusi karuka, wawili wamemrukia, na akiwa hewani kanipasia. Niko kona ya kushoto, peke yangu, mlinzi wa karibu yuko mbali hata ningeweza kumsalimia kabla ya kurusha. Nikaushika mpira. Nikautazama. Nikamrudishia. Meza ikapiga king'ora cha sekunde 24, muda wote wa shambulizi moja, mpira ukiwa mikononi mwake, na uwanja mzima ukamlaumu yeye kwa kuchelewa.

Nikakusanya sarafu zangu.

Saa 8

Senta katuma sauti, fupi, anahema, naona alikuwa baina ya gunia na gunia. Kila mara ubishi ukiwaka yeye humleta Hakeem Olajuwon, yule wa Lagos aliyecheza Houston Rockets, na alikuwa akicheza amefunga Ramadhani. Kwa senta wetu hilo peke yake lamaliza mjadala. Lakini leo kaongeza jambo. Rockets wa 1994, anasema, mpira walimpa Hakeem mgongo wake ukielekea kikapu, naye hakuwa na pupa. Alingoja. Mlinzi wa pili akija kumsaidia wa kwanza, basi huko alikotoka pamebaki wazi, na huko ndiko Hakeem alikopeleka mpira, kwa wale warushaji wa pointi tatu waliomzunguka. Waliwashinda New York Knicks nne kwa tatu wakachukua ubingwa. "Yuwapewa yeye," anasema senta, "lakini wale wanne wako tayari kurusha. Sisi nani yuko tayari?"

Sikuandika kitu.

Saa 9 alasiri

Nikapata abiria wa Mwembe Tayari, nusu bahati nusu nilimtafuta. Kibanda cha Bwana Harusi hakizidi upana wa tuktuk yangu: meza, taa, feni ndogo iliyofungwa kwa waya, na simu zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa na kibano mkononi na lenzi jichoni, anabandua kioo kilichopasuka. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kunisomea hukumu ya Kinyozi?"

"La. Nimekuja kukwambia ile pasi ya kona ilikuwa yangu kurusha."

Kibano kikasimama. Kisha kikaendelea, polepole, ukingo mmoja baada ya mwingine, mpaka kioo kikatoka kizima na nyufa zake.

"Nikuulize," akasema. "Mbona mnanirudishia?"

Nilikuwa na majibu mengi ya uongo. Goti. Jua machoni. Nikamwambia la kweli: nikirusha nikakosa, nitalala nalo mimi. Nikimpa yeye akakosa, tutalala nalo pamoja, na yeye atapata fungu kubwa.

Akacheka, si kicheko kizuri sana. "Mimi nikiwapasia mnanirudishia mpira kama noti mbovu," akasema. "Kila mtu anataka umtoke mkononi upesi. Sasa mimi wa mwisho niupeleke wapi?"

Nikaingiza mkono mfukoni nikamwonyesha ile hamsini. Safari hii tukacheka vizuri.

Saa 10 na nusu

Mazoezi yananigharimu. Saa hizi ndizo watu wanatoka kazini, tuktuk zinajaa zenyewe, na mimi yangu nimeiegesha kando ya kiwanja cha saruji ambacho mistari yake tuliipaka sisi. Lakini bila haya ya jioni nadhani ningekuwa nimeshapigana na mtu darajani.

Kinyozi alianza hata kabla ya kuvua kofia. Anataka kila mtu apate mirusho yake kwa hesabu sawa. Haki, anasema. Hapa mimi na yeye hatuelewani, na naandika wazi: timu si sadaka, kila mtu apewe fungu sawa. Bwana Harusi anarusha vizuri kuliko sisi wanne tukijumlishwa, na Kinyozi, rafiki yangu wa tangu madrasa, kutoka kona ile hutia moja katika tano siku akiwa amelala vizuri. Mpira uanzie kwa mwenye mkono. Ugomvi wangu ni wa pale alipokwisha kuushika.

Kocha, mzee aliyestaafu bandarini na asiyeamini simu, alisikiliza huku akitafuna. Hakutoa uamuzi. Alimsimamisha Bwana Harusi kwenye pembe ya mstari wa mitupo huru, akasema: mpira aanze nao yeye, ruhusa kudunda mara moja tu. Wengine wanne, kabla sijafika tatu kila mmoja awe amehama mahali. Na atakayepata pasi akiwa huru akairudisha, atakimbia mwisho wa kiwanja na kurudi.

Nilikimbia mara nne. Mwalimu mara mbili. Kinyozi hakukimbia hata mara moja kwa kuwa alirusha kila kilichomfikia, kikiwamo kimoja kilichopita juu ya ubao kikaangukia tuktuk yangu. Senta alitia vikapu sita vya bure kabisa, kwa kukata tu nyuma ya mlinzi anayemtazama Bwana Harusi. Sita! Jumapili robo nzima hakugusa mpira ila kwa ribaundi, mipira iliyokosa kikapu ikarudi.

Mara ya tano pasi ikanijia kona ileile ya kushoto. Nikasikia Kocha akivuta pumzi ya kunituma tena. Nikarusha. Ukagonga chuma, ukatoka. Nikamtazama Bwana Harusi nikingoja uso, naye alikuwa tayari anarudi pembe yake, anapiga makofi kuomba mpira mwingine uanze.

Ya sita nikatia. Ya saba sikutia. Maghribi ikaadhiniwa, tukaacha hapo.

Saa 3 usiku

Saa mbili na ushei za abiria wa usiku, wengi wao kutoka Lights kurudi Kisauni, wachache wanaongea. Goti limevimba kidogo, nitalikanda maji ya moto.

Nikapeleka hesabu kwa tajiri. Yeye huhesabu pesa kizingitini, chini ya taa, noti moja moja, kidole kimelowa ulimi. Mia, mia mbili, mia mbili hamsini. Hapo akasimama. Akaivuta selotepu kwa ukucha, akanitazama mimi, akaitazama noti, akanirudishia.

"Hii hapana, mwanangu."

Nikaongeza hamsini nyingine kutoka zangu. Nyumbani nikafungua simu: Kinyozi katuma sauti mpya, dakika nne na sekunde kumi. Bwana Harusi kaijibu kwa picha moja tu, ya alama ya mpira juu ya turubai la tuktuk yangu.

Sijamfungua Kinyozi. Nitamsikiliza kesho, darajani.