Siku moja na waya mbili

Saa 2 asubuhi. Tanuri bado baridi. Kazi ya leo, kupima joto la tanuri, ukimwambia mtu ataona ni ya dakika kumi: themokapo ya aina ya K (waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, hutoa volti ndogo zikipata joto), waya ya kuongezea urefu, bodi ya kukusanya data na kompyuta. Waya mbili, skrubu mbili.

Saa 3. Kwanza mipangilio ya bodi. Aliyeitumia kabla yangu aliiacha kwenye masafa ya volti 10 chanya na hasi. Themokapo ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya joto, na bodi ya biti 16 kwenye masafa hayo inapiga hatua za mikrovolti 305. Joto lingekuwa linaruka nyuzi saba kwa mpigo! Nikashusha hadi milivolti 80, hatua zikawa kama mikrovolti 2.4. Nikachagua usomaji wa tofauti kati ya waya mbili, nikafunga rezista ya kilo-omu 100 kutoka upande hasi hadi athi, maana ncha ya themokapo hii haigusi chuma cha ala yake na bila hiyo rezista namba huelea tu.

Saa 4. Kijana wa mafunzo alishaunganisha plagi kule mlangoni mwa tanuri, pale themokapo inapokutana na waya ya kuongezea. Mimi nikafunga upande wa bodi. Nikashika ncha mkononi: namba zikashuka badala ya kupanda. Nikacheka, nikabadilisha waya pale kwenye bodi, zikapanda. Barafu inayoyeyuka ikasoma 0, maji yanayochemka yakasoma karibu 100. Nikamwambia awashe tanuri.

Saa 7 tukaenda kula.

Saa 8 na nusu. Kipimajoto cha mkononi kinasema ndani kuna nyuzi 300. Kompyuta inasema 260.

“Fundi, themokapo imekufa?”

Themokapo ikifa mara nyingi inakata kabisa, haikudanganyi kwa nyuzi 40. Nikashuku fidia ya baridi, kile kipimajoto kidogo kando ya terminali za bodi. Lazima kiwepo, kwa sababu themokapo haijui joto la tanuri. Inajua tofauti tu kati ya ncha yake na pale waya zinapoishia. Lakini kilisoma 25, na chumba kilikuwa 25 kweli. Nikapoteza nusu saa hapo, na feni nikaizima bure.

Saa 9 na nusu. Nikagusa plagi mlangoni: ya moto. Nikaipima, 45. Ishirini zaidi ya bodi. Ishirini mara mbili ni arobaini. Hapo nikakaa chini.

Nikafungua plagi, nikatoa sumaku mfukoni. Katika aina ya K waya hasi, alumeli, huvutwa na sumaku. Chanya, kromeli, haivutwi. Waya ya kuongezea ina tabia hiyohiyo. Upande mmoja wa skrubu ukanasa, wa pili ukateleza. Zilikuwa zimepishana.

“Mbona nimefunga nyekundu kwenye chanya?” kijana akauliza.

Ndiyo shida yenyewe. Kwenye betri nyekundu ni chanya. Kwenye rangi za Marekani za aina ya K, manjano ndiyo chanya na nyekundu ni hasi. Za IEC, kiwango cha kimataifa, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Lakini kosa kubwa ni langu: namba ziliposhuka asubuhi nilipaswa kwenda kwenye plagi, si kugeuza waya hapa mezani. Makosa mawili yakafichana mpaka mlango ulipopata moto. Kila nyuzi ambayo plagi iliizidi bodi ilikuwa inaniibia mbili.

Saa 10. Tukageuza pande zote mbili. Kompyuta 298, cha mkononi 299. Nikaiacha.

Saa 11. Kijana anabandika karatasi kwenye plagi, “NYEKUNDU = HASI”, kwa herufi kubwa kupita kiasi. Ameomba nimwachie sumaku. Nimekataa, atafute yake.