Siku Kizimba Changu Kilipozama

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Muheza, na mashati yake mwenyewe aliyakata mgongo mrefu kuliko kifua. Akiwa mtoto aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Akapona, akabaki na kibiongo. Nilipokuwa mdogo nilipenda kukipapasa. Kilikuwa kigumu kama goti.

"Hakiumi, mjomba?"

"Hakiumi. Kilishaungana zamani."

Februari 2014 nilikuwa Göteborg, Uswidi, mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi, nikisanifu kipandikizi cha kiunoni. Sisi tulikiita kizimba. Diski, kile kisahani laini kilicho kati ya pingili, ikiharibika na kutolewa, kizimba huingizwa katikati ya pingili mbili za uti wa mgongo ili kuzishikilia na kuziacha na mwanya wake, mpaka mfupa uote kutoka juu na chini, upite ndani yake, na pingili mbili ziwe kitu kimoja. Changu kilikuwa cha titani, urefu milimita 24, upana 10, kimo 11. Kilichapwa kwa mashine inayoyeyusha unga wa chuma kwa miale ya elektroni, tabaka juu ya tabaka. Mashine hizo zilikuwa zikitengenezwa Mölndal, pua na mdomo na pale tulipokuwa.

Nilikipenda kile kitu. Nilikaa nacho mfukoni wiki nzima. Kuta zake nilizifanya nene kwa sababu niliogopa kisije kikavunjika ndani ya mwili wa mtu, na tundu la katikati nikaliacha na upana wa milimita 3 tu.

Siku ya jaribio tulikiweka katikati ya matofali mawili ya povu gumu la plastiki, ambalo katika majaribio haya hushika nafasi ya mfupa, kisha mashine ikaanza kukandamiza polepole. Profesa alikuwepo, na pembeni alisimama daktari bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo, mama wa makamo, mikono nyuma. Nilikuwa nimekusudia kufika newtoni 2,000. Tulipokaribia 1,000, mzigo wa mtu wa kilo 100 hivi, mstari kwenye skrini ukalala. Nikasikia mlio mdogo, kama biskuti kavu ikivunjwa ndani ya kitambaa.

Tulipofungua, kizimba hakikuwa na hata mkwaruzo. Kilikuwa kimedidimia milimita 3 ndani ya povu, kama kisigino kwenye mchanga maji yakishakupwa.

Nilisema, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba chuma hakikuvunjika.

"Chuma hakikuwa na shida," akasema yule daktari. "Mgonjwa wako ndiye amevunjika."

Akakichomoa kizimba kwa vidole. Akakusanya chembechembe za povu zilizomwagika mezani, akaanza kuzishindilia kwenye lile tundu kwa kitako cha kalamu. Tundu likajaa mara moja. Chembe nyingi zikabaki mezani. Akaniuliza: mfupa nitakaouchota nyonga ya mgonjwa, nikampa maumivu mengine juu ya yale aliyokuja nayo, niuweke wapi? Kisha akasema neno ambalo hadi leo nalipima kila ninapochora. Alisema kila kipandikizi kinashindana na wakati. Mtu anatembea, anainama, anakohoa, na chuma kinachoka kidogo kidogo. Mfupa ukiwahi kuungana, unaupokea mzigo na chuma kinapumzika. Usipowahi, hata chuma kiwe kinene vipi, kitalegea au kitakatika.

Profesa akaongeza la kwake. Aloi ile ya titani, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine, ni ngumu kupindika kuliko mfupa mgumu wa nje kwa mara tano na zaidi, na mfupa wa ndani ya pingili ni laini kuliko huo wa nje. Ukuta mnene unaubeba mzigo wote peke yake, na mfupa usiopewa mzigo hupungua. Daktari Mjerumani, Julius Wolff, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1892. Nililisoma kabla, na mtihani wake nikaufaulu. Lakini nilipochora, nilichora kwa woga.

Profesa alipenda kutukumbusha kwamba vizimba hivi vilianzia kwenye shingo za farasi. Daktari George Bagby wa jimbo la Washington, Marekani, alibuni kikapu cha chuma kisichoshika kutu, chenye matundu, kwa ajili ya farasi waliokuwa wakiyumba kwa sababu uti wa mgongo ulibanwa shingoni. Ndani yake waliweka mfupa uleule uliotoka wakati wa kutoboa. Namheshimu sana mtu huyo kwa sababu alikiita kikapu, na kikapu ni cha kutia kitu ndani.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikimfikiria mjomba. Upasuaji wa kuunganisha pingili ulianza kushika njia New York mwaka 1911, kwa madaktari Russell Hibbs na Fred Albee, na wagonjwa wao wengi waliugua ugonjwa uleule wa mjomba. Mifupa yake ilijiunga yenyewe pale Muheza, bila titani wala mhandisi, ila iliungana ikiwa imepinda kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuishikilia. Mimi nilikuwa nimetengeneza kitu cha kushikilia tu, nikaunyima mfupa mlango.

Nilichora upya. Nilikipanua kizimba hadi milimita 12 kwa 30 ili kikae kuelekea pembezoni mwa pingili, ambako mfupa ni imara kuliko katikati. Tundu likawa milimita 6 kwa 15. Kuta nikazigeuza kuwa wavu wa vijiti vyembamba wenye vitundu vya nusu milimita hivi, mfupa uweze kupenya. Kazi iliyonichosha ilikuwa kuutoa unga ulioganda ndani ya vile vitundu. Ilibidi kuupuliza kwa hewa yenye unga uleule, nikikigeuza kizimba kwenye mwanga mpaka kila kitundu kionyeshe upande wa pili.

Kwa mzigo uleule wa newtoni 1,000, kizimba cha pili kilizama chini ya milimita moja. Daktari alikijaza chembe za povu, akatikisa kichwa kukubali, akasema tuendelee.

Jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo na baridi yenu?"

Nikamweleza yote. Cherehani ilikuwa ikilia nyuma yake, kisha ikanyamaza.

"Kitamnyoosha mtu?"

Nikasita. "Wewe, mjomba, yako ilishaungana."

"Najua. Nauliza wa baada yangu."

Nikamwambia akiwahiwa, mfupa wake utaungana ukiwa umenyooka, maana sasa una pa kupita. Akauliza pana ukubwa gani. Milimita 6 kwa 15, nikamwambia.

"Ngoja," akasema, "nichukue futi."